Nakala ya Miguu Miwili

Ndani ya ule mchezo mama yangu hakuweza kufa. Mdogo wangu ndiye aliyehakikisha hivyo, nami nilimshukuru, maana mimi ndiye niliyemwomba. Dubu walimpita kana kwamba hawamwoni. Akianguka kutoka kwenye genge alitua kama unyoya. Njaa haikumshika, baridi haikumgusa, na begi lake lilibeba ghala zima bila kumpinda mgongo. Kama dunia hii tunayoilipia kodi ingekuwa na huruma kiasi hicho, nisingekuwa na la kusema.

Dunia hii ilimpiga mama kiharusi akiwa anapiga mswaki. Kikamchukulia mkono wa kulia na mguu wa kulia. Ulimi kiliuazima tu, kikaurudisha baadaye ukiwa mzito kidogo.

Mama alikuwa mpima ardhi. Nataka hilo lieleweke mapema, kwa sababu watu wakimwona sasa kwenye kiti chake huanza kumsemesha kwa sauti ya kubembelezea watoto wachanga, na mimi hupandwa na hasira. Alipanda vilima na kuvuka mabonde na vigingi begani, akigombana na wenye mashamba na mbwa wao. Alijua kwa macho tu maji ya mvua yatakimbilia wapi. Hata harusini alikuwa anakagua kama ukumbi umejengwa sawasawa.

Tunaishi ghorofa ya nne. Lifti ilikufa zamani, watu wa usafi wakaigeuza stoo ya ndoo na fagio. Chumba chetu kikubwa kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jengo jirani, na ukuta wenyewe hauna hata tundu la kuchungulia mambo ya watu. Chini ya dirisha ipo meza ndefu. Upande mmoja cherehani yangu, upande wa pili kompyuta ya mama. Mimi hushona sare za shule: sketi, kaptura, mashati ya kola ngumu. Kutwa tulikaa bega kwa bega, mimi nikipiga pindo, yeye akipanda milima.

Kompyuta ilitoka kwa mdogo wangu. Tunamwita Injinia tangu utotoni, kwa sababu aliifungua redio ya nyumbani ikabaki vipande mpaka leo. Anaishi mji wa mbali, kazi haimruhusu kuja, na nadhani kila alipopiga simu akaisikia sauti nzito ya mama alijiona hana faida. Basi akatuma kompyuta, na ndani yake akaweka mchezo anaoucheza yeye na wenzake: nchi kubwa ya milima, misitu na mito, ambamo unakata miti, unajenga, unawinda, na usipoangalia unaliwa.

Mimi nilicheka. Mama mtu mzima, mgonjwa, achezee mambo ya vijana? Lakini nilipomwekea hedifoni na kile kilima cha kwanza kikatokea kwenye skrini, mama aliinama mbele akasema mto ule hauwezi kupita pale, aliyeuchora hajui kazi. Hayo ndiyo yalikuwa maneno mengi zaidi kumtoka kwa pamoja tangu augue.

Tatizo likawa mkono. Mchezo unataka mikono miwili, mmoja kwenye kipanya na mmoja kwenye kibodi. Injinia akatafuta modi ya kumsaidia. Modi, kwa asiyejua, ni viraka. Waliotengeneza mchezo wanakuuzia suti. Watu wengine huko nje wanaibandika mifuko, wanaipunguza kiuno, na wapo wanaoiongezea hata mbawa. Suti inakukaa vizuri. Ila yule fundi wa kwanza hana habari na viraka vyako, na siku akiibadilisha suti yake, vinabanduka.

Kiraka cha kwanza kilimwezesha mama kutembea kwa kubonyeza kitufe kimoja cha kipanya, kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Mchezo ulipomuuliza mhusika wake aitwe nani, aliniambia niandike Miguu Miwili. Nikaandika, kisha nikaenda jikoni kujipa shughuli nisionekane.

Miguu Miwili alitembea. Sijui kama naweza kulieleza hilo kwa mtu ambaye hajawahi kumgeuza mama yake kitandani. Alitembea kutoka kifungua kinywa hadi chakula cha mchana. Alipanga mawe juu ya kila kilima kama bikoni, zile alama za mpaka wa shamba. Aliwatukana nguruwe mwitu kwa lugha ambayo sikujua anaijua, na kadiri alivyowatukana ndivyo ulimi wake ulivyofunguka.

Halafu dubu akamuua. Mama alikuwa anapanda mgongo wa mlima mmoja wenye theluji juu, akakutana naye kwenye kona. Katika mchezo ule kufa si mwisho. Unaamka kitandani kwako, vitu vyako vinabaki pale ulipoangukia, ukitaka uvifuate. Lakini jioni ile mama hakula. Alisukuma bakuli, akageukia ukutani. Daktari alikuwa ameniambia kwamba mgonjwa wa namna hii akikata tamaa, dawa hazina kazi. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikiutazama mgongo wake, roho juu. Kisha nikampigia Injinia simu, nikamwambia afanye analoweza ili mama asiumie tena mle ndani.

Alifanya. Tena alifanya kwa mapenzi yote, kama mtu aliyesubiri siku nyingi kutumwa. Akawapofusha dubu. Akaondoa njaa. Akamjengea mama nyumba ya mawe yenye madirisha pande zote, akamvalisha koti lisilopitisha baridi, akampa begi lisilojaa na zana mpya, na akazungushia nchi ile mpaka usioonekana ili mama asipotelee mbali ambako mashine yake ingeshindwa kumfuata.

Nalo koti, begi na zana zile mpya, vyote vilitokana na modi. Hapo ndipo tulipoanza kuishi kwa tahadhari. Nchi yenyewe ilikuwa kwenye kompyuta ya Injinia, sisi tukiingia kwa mtandao kama wageni wanaobisha hodi. Mhusika alihifadhiwa kwetu, kwenye kompyuta ya mama, katika faili moja ndogo. Injinia alinifafanulia mara kadhaa, polepole, kama ninavyomfafanulia mteja kwa nini kitambaa alicholeta hakitoshi: Miguu Miwili akifunguliwa nje ya nchi ile, bila modi zile, mchezo hautazitambua nguo zake wala begi lake. Hautauliza. Utavitupa, na papo hapo utahifadhi alichobaki nacho. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mimi nililielewa kuliko alivyodhani. Fundi mwenye akili hakati nguo kwa kutumia karatasi yake ya asili ya vipimo. Anainakili, anakatia ile nakala, na ya asili inakaa msumarini. Juu ya cherehani yangu kuna msumari wenye karatasi za asili za kila shule ninayoishonea. Basi kila siku, mama akimaliza kucheza, nilinakili faili ya Miguu Miwili kwenye flashi, nikaitundika kwa uzi kwenye msumari uleule. Nililala vizuri nikijua ipo.

Nje ya mchezo nako sikuwa mzembe. Mama aliwahi kuanguka bafuni nikiwa nimetoka, mlango umejibamiza na kujifunga, na majirani wakabaki nje wakimsikia. Tangu siku hiyo ufunguo wa akiba uko kwa msimamizi wa jengo, ghorofa ya chini, na wangu nauvaa shingoni pamoja na futi ya kupimia. Niliondoa zulia. Fimbo yake niliificha juu ya kabati, ili akiitaka aniombe kwanza. Na nikitoka kununua uzi au kupeleka sare, nilizungusha ufunguo kabisa, asije akajaribu kutoka.

Mtaalamu wa mazoezi alisema mama yuko tayari kuanza ngazi. Akatufundisha: kushuka, mguu mbovu unatangulia, kupanda, mguu mzima. Nikamshukuru, nikamsindikiza mpaka mlangoni, na ngazi hatukuzigusa. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, nilimwambia mama. Akanijibu kwamba huyo kunguru angalau anaruka.

Mtu ataniuliza, na wewe je? Mimi nilikuwa palepale. Alikuwapo fundi viatu mmoja aliyekuwa akinisubiri chini ya jengo nikipita, kwanza kila siku, kisha mara mojamoja, kisha nikasikia kaoa. Ukimfungia mtu mlango, wewe unayebaki na ufunguo huwezi kwenda nao mbali. Dukani kwa uzi na kurudi, shuleni na kurudi, huku nikihesabu kichwani ni muda gani nimemwacha peke yake. Wakati mwingine, nikipandisha ngazi na mabunda ya kitambaa, nilimchukia mama. Nasema kama ilivyokuwa. Nilimchukia mpaka ghorofa ya tatu, na kufikia mlangoni nilikuwa nimeshajirudi.

Sikuona lini hasa mama alipoacha kutembea. Nilizoea kelele zake, nikashtuka siku moja kwamba upande wake wa meza uko kimya. Miguu Miwili alikuwa amesimama kwenye ule mpaka usioonekana, uso umeelekea mlima wa theluji ulio upande wa pili, hasogei. Dubu akaja, akapita karibu sana, akaenda zake. Nikamwambia mama, umeona raha hiyo, dubu anakupisha. Kesho yake alisimama palepale.

Ndipo likaja toleo jipya la mchezo.

Injinia alipiga simu akiwa na wasiwasi. Waliotengeneza mchezo wamebadilisha mambo mengi, alisema, na modi zote zimekatika. Inabidi tungoje wale watu wa nje wazitengeneze upya. Mpaka hapo mama asiufungue mchezo kabisa, hata kwa kuonja, maana Miguu Miwili atavuliwa nguo. Nikamwambia mama. Aliitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa, akaomba nimgeuzie kiti dirishani, akakaa akiutazama ule ukuta.

Alikaa hivyo siku baada ya siku. Niliogopa kuliko wakati wa dubu. Nilimpigia Injinia asubuhi na jioni, naye akasema anawabana wenye modi lakini hao hawalipwi, wanafanya kwa kupenda tu, huwezi kuwafokea. Nikamwambia nipe mimi namba zao niwafokee.

Asubuhi moja nilikuwa na bunda la mashati ya kupeleka shule. Nilimpa mama chai, nikamweka vizuri, nikazungusha ufunguo. Huko shuleni mwalimu mkuu akanichelewesha kwa habari za kola, akitaka ziwe ngumu zaidi, kana kwamba watoto wanakwenda vitani. Nilirudi nikiwa nimekasirika tayari. Nikafungua mlango nikasikia upepo wa mlimani kutoka kwenye spika.

Mama alikuwa mbele ya kompyuta. Jinsi alivyokisogeza kiti mpaka pale sijui, ila meza ilikuwa imepinda na cherehani imesogea. Kwenye skrini niliona nchi nisiyoijua. Mabonde mengine, mto mwingine. Na katikati alikuwapo Miguu Miwili amevaa kishati cha ndani tu, mikono mitupu, anatembea.

Begi halikuwapo, koti halikuwapo, na zana zake zote zilikuwa zimetupwa, tena bila kuulizwa, kama alivyosema Injinia. Nilipiga kelele. Nilimuuliza mama kama anajua alichofanya, kama alisikia hata neno moja tulilomwambia, kama anafikiri mimi nina maisha mengine ya kuokota vipande vyake. Mengine nayaacha. Nilikuwa nimeshausogelea msumari, nimeishika flashi.

"Kaa," alisema mama.

Ndipo nikaona kibodi. Modi ya kutembea kwa kidole kimoja nayo ilikuwa imekatika, kwa hiyo alihitaji mkono wa pili ambao hana. Juu ya kitufe cha kwenda mbele alikuwa ameweka chuma changu, kile kipande kizito ninachoweka juu ya kitambaa kisisogee wakati wa kukata. Chuma kinambonyezea, Miguu Miwili anakwenda mbele bila kusimama, na mama anamgeuza kwa kipanya kwa mkono wa kushoto. Akitaka asimame anakiinua kwa kiganja hichohicho, kisha anakirudisha. Alikuwa anatoka jasho. Alikuwa pia anatabasamu, upande mmoja wa mdomo, ule unaoweza.

Nikakaa, flashi mkononi.

Nilimuuliza hii ni nchi ya nani. Akasema yake. Mchezo ulimpa achague aina, naye akachagua ile ya kifo kimoja, ambamo ukifa umekufa. Mhusika anafutwa na faili yake inafutwa. Nilisema hapana. Nilisema hebu toka humo sasa hivi, mama, tafadhali, nguo tutazirudisha kwenye nakala, Injinia ataleta modi, kila kitu kitakuwa kama zamani.

"Kama zamani," alisema, macho yakiwa kwenye njia. "Mle ndani sifi. Humu ndani sitoki. Sasa niambie, mwanangu, mimi niko wapi?"

Mama akaendelea kupanda. Alikuwa ameona mgongo wa mlima wenye theluji, si uleule lakini wa namna ileile, na alinionyesha kwa kidevu: kule upande wa kushoto maji yamekula udongo, si pa kupita, kulia kuna miamba, upepo utakuwa mgongoni, mnyama hatasikia harufu mpaka uwe umeshampita. Alisema hiyo ndiyo njia aliyoifikiria jioni ile.

"Jioni ipi?"

"Uliponiletea chakula nikakataa. Nilikuwa nafikiri njia ya kumzunguka dubu." Akakiinua chuma, Miguu Miwili akasimama kuvuta pumzi. "Nikalala nimeshaipata. Kulipokucha, dubu kawa kipofu."

Nilimtazama. Miezi hiyo yote nilijiambia kwamba nimemwokoa mama asikate tamaa. Kumbe alikuwa anapiga hesabu. Na bado, Mungu anisamehe, nilitaka kuzima kompyuta.

Sikuizima. Nilisogeza kiti changu. Alipanda kwa kulia, kwenye miamba, Miguu Miwili akihema kwenye spika, akitetemeka kwa baridi ndani ya kishati chake. Mara mbili aliteleza. Mara zote mbili nilimshika mama bega, huyu wa kwenye kiti, naye akanitikisa nimwachie. Alimzunguka dubu. Tulimwona kwa chini, mgongo wake mpana, anachimba kitu, hana habari nasi. Nilijikuta napunguza sauti.

Kileleni kulikuwa na nafasi ndogo tambarare. Mama alimsimamisha Miguu Miwili, akamgeuza taratibu pande zote, akiitazama nchi. Nilimwambia kwa upole basi sasa ashuke. Akasema hana mbao wala moto, baridi imeshammaliza, hatafika hata nusu. Alilijua hilo tangu chini. Akaweka jiwe moja juu ya jingine, na la tatu juu yake, na kabla hajapata la nne Miguu Miwili akapiga magoti, akalala. Skrini ikawa nyeusi. Yakatokea maneno kwamba mhusika huyu amefutwa.

Mama alishusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo. Kisha akasema anasikia njaa.

Nilimpa mkate akaula wote. Mimi sikuweza kula. Flashi ilikuwa bado kwenye kiganja changu, imelowa jasho. Ndani yake Miguu Miwili alikuwa mzima, na koti lake, na begi lake, na ujuzi wake wote.

Simu ikalia. Injinia, furaha tupu. Modi ziko tayari, dada, za kutembea, za dubu, zote. Niufungue mchezo, mama aingie.

Nikamwambia Miguu Miwili amekufa.

Akauliza amekufaje wakati hafi. Nikamweleza. Akasema haidhuru, si nakala ipo? Irudishe, baada ya dakika chache atakuwa hai. Nikamtazama mama, mama akanitazama mkono.

"Itundike msumarini," alisema. "Sikwambii uifute. Nakwambia ujizuie."

Nilimwambia Injinia kwamba mwenyewe hataki kurudishwa. Sauti yake ikabadilika. Alisema, "Dada, nimemjengea nyumba," na nikajua hana kingine alichoweza kumjengea. Mama akanyoosha mkono wake wa kushoto, nikampa simu. Alimwambia mwanawe kwamba nyumba ni nzuri, hasa madirisha. Atakwenda kumtembelea na mhusika mpya, asiye na kitu, kiraka cha kutembea atakipokea kwa shukrani, lakini ule mpaka auondoe na dubu awarudishie macho. Nilisikia Injinia akiuliza kwa mbali, na ukifa je?

"Utanizika," mama alijibu. "Ulifikiri nilikuzaa kwa kazi gani?"

Injinia alicheka, kisha akalia kidogo, kisha akasema sawa, mama.

Nikaitundika flashi. Nikasimama nikiutazama ule msumari, karatasi zangu zote za asili zimepangana, hakuna hata moja iliyowahi kuvaliwa na mtu. Mama nyuma yangu akauliza, "Na ufunguo?"

Nilijua anamaanisha nini. Nilijivua kamba ya ufunguo shingoni. Ilikuwa imeninasa kwenye nywele na futi, ikanichukua muda. Nikautundika ufunguo juu ya flashi, mahali anapoweza kuufikia kwa kushoto akiwa kwenye kiti. Nikamshushia fimbo kutoka juu ya kabati. Nikamwambia kwamba leo tutakwenda mpaka mlangoni, tuzitazame ngazi tu, hatushuki, tumeelewana? Akasema tumeelewana.

Alisimama kwa shida yake ya kawaida. Tulivuka chumba. Nilifungua mlango, akatoka mbele yangu, fimbo, mguu, mguu, mpaka kwenye ukingo wa ngazi ya kwanza. Hewa ya chini ilikuwa inapanda, ina harufu ya sabuni ya sakafu na vitunguu vya mtu. Mama alivuta pumzi kama vile tumefika kileleni. Nikapiga hatua moja kuja kando yake, ili nimdake akiyumba.

Nyuma yetu dirisha lilikuwa wazi. Upepo ukauchukua mlango ukaubamiza.

Nilirudi nikausukuma. Nikautikisa. Nikajipapasa shingoni, nikakuta futi peke yake. Simu ilikuwa ndani, na ufunguo ulikuwa kwenye msumari, umetundikwa vizuri sana. Wa akiba ulikuwa kwa msimamizi wa jengo, ghorofa ya chini kabisa. Nikaupiga mlango kwa kiganja kana kwamba kuna mtu ndani wa kunifungulia. Hatungeweza kurudi ndani, na kusubiri pale kwenye korido mama asingeweza, miguu yake haivumilii kusimama.

Nilimgeukia. Nikamwambia aketi hapo juu kwenye ngazi, ashike chuma cha pembeni, asisogee hata kidogo, mimi nikimbie chini nirudi na ufunguo.

"Nikae tena?" mama alisema.

Hakusema kwa ukali. Aliuliza tu, amesimama, fimbo imeegemea kiunoni na mkono wake wa kushoto umeshashika chuma. Nilitaka kumwambia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nikakumbuka mkuu ni nani kati yetu. Nilizitazama zile ngazi zikizunguka kwenda chini, zege tupu, kona zake kali. Nilifikiria kichwa chake kikigonga moja ya kona hizo, nililifikiria vizuri, kwa sauti na kila kitu, na hakukuwa na flashi ya hilo popote.

"Mguu mbovu kwanza," nilisema.

"Najua. Nilikuwapo akifundisha." Akanipa fimbo nimshikie. "Tangulia. Na usinishike."

Nikatangulia. Nilishuka kinyumenyume, ngazi moja mbele yake, mikono nimeitanua kama mtu anayeswaga kuku, sijamgusa. Mama alikaza kiganja kwenye chuma, akauinua kwa nyonga ule mguu ambao hausikii, akauning'iniza hewani juu ya ngazi ya kwanza, akautua.